Shule kwa Mtoto Mwenye Ulemavu: Ni Kazi ya Nani?

Somo hili linahusu watoto ambao hatuwaoni. Asubuhi kengele ya shule inapolia, wenzao wanapita njiani na madaftari yao, toka Kavimvira mpaka Kalundu, na katika vijiji vya kando ya ziwa mpaka Makobola na Mboko. Wao hubaki nyumbani. Mmoja hasikii. Mwingine haoni. Mwingine miguu yake haimchukui. Mwingine ana kifafa, na wazazi wake wanaona haya asije akaanguka mbele za watu. Mwingine ni mzito wa kuelewa. Wageni wakifika, mtoto huyo hupelekwa chumba cha nyuma.

Watu wa nyumba yake si watu wabaya. Wengi wanampenda, nao humpa bugali na ndagala kama ndugu zake. Lakini kuna mambo matatu ambayo hawajafundishwa. La kwanza, hawajui ulemavu wake umetoka wapi. La pili, hawajui kwamba anaweza kujifunza. La tatu, hawajui kwamba wakubwa wa serikali, toka jimbo mpaka komini na sheferi, wana wajibu juu ya shule yake. Basi tutajifunza mambo hayo matatu, kisha tutaona kazi ya kufanya.

1. ULEMAVU UNATOKA WAPI?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Mara wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu akakataa swali lao. Akasema si huyu, wala si wazazi wake. Kisha akamtumikia yule mtu. Hata leo, mtoto akizaliwa na mguu uliopinda, maneno huanza katika kartie: mama alifanya nini, nani amewaloga, deni gani halikulipwa kwa wakwe. Maneno hayo hayamponyi mtoto. Yanamfanya mama amfiche, na kufichwa ni ulemavu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sisi tunaotumika hospitalini tunajua sababu nyingi ambazo si uchawi. Ziangalie:

(a) Kuzaa kwa shida. Uchungu ukikaa siku mbili nyumbani, mtoto anaweza kukosa pumzi, na ubongo wake ukaumia. Ndiyo sababu tunasema kila mara: mama mwenye mimba azalie kwenye kituo cha afya.

(b) Polio. Huu ni ugonjwa wa kupooza miguu au mikono. Hauna dawa ya kuuponya, lakini una chanjo ya kuuzuia. Katika Kongo bado unaonekana, kwa hiyo usikatae matone wapitapo wenye kuchanja.

(c) Surua. Inaweza kuharibu macho na masikio, hasa ya mtoto aliyekosa chakula chema. Chanjo yake ipo.

(d) Homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwa. Mtoto anaweza kupona homa lakini akabaki kiziwi, au na kifafa, au na udhaifu wa upande mmoja. Mpeleke mapema, usingoje usiku wa tatu.

(e) Usaha wa masikio. Wengi hudhani ni jambo dogo la utoto. Ukiachwa miezi na miaka, unatoboa na kuharibu sikio. Kausha kwa kitambaa safi, usitie mafuta wala maji ya majani, na umlete mtoto kituoni.

(f) Sindano mbaya. Sindano ya kwinini au nyingine ikichomwa mahali pasipofaa matakoni, inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu, na mguu ukalegea. Usimwite mtu wa mtaani asiyejifunza kazi hiyo aje kumchoma mtoto nyumbani.

(g) Muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri. Katika sehemu mbalimbali za Kongo, hasa wakati wa njaa na vita, watu hukosa subira ya kuuloweka. Sumu yake huleta konzo, ugonjwa wa kukaza miguu ghafula, nao haurudi nyuma. Loweka siku tatu au zaidi, kisha anika juani mpaka ukauke kabisa.

(h) Vita na ajali. Soma 2 Samweli 4. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano habari za vita zilipofika. Mlezi wake akambeba akakimbia, naye katika haraka akamwangusha, na mtoto akalemaa miguu yote miwili. Sisi wa bonde la Ruzizi na wa kando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa habari hii mara mbili.

Tena wako watoto waliozaliwa na ulemavu, wala mganga hawezi kutaja sababu yake. Hao nao hawakukosa neno.

2. DALILI ZA KUANGALIA MAPEMA

Shule ya mtoto mwenye ulemavu huanza mkononi mwa mama yake. Kadiri tatizo linavyojulikana mapema, ndivyo msaada unavyofaa zaidi. Angalia hivi:

Mtoto wa miezi minne au mitano ambaye shingo yake bado haisimami, mlete. Wa miezi tisa asiyekaa peke yake, mlete. Wa mwaka mmoja na nusu asiyetembea, mlete.

Je, anasikia? Simama nyuma yake asipokuona, umwite kwa jina, kisha piga makofi. Asipogeuka, jaribu tena siku nyingine. Mtoto wa miaka miwili asiyesema neno lolote, usiambiwe na majirani kwamba atasema tu. Inawezekana ulimi wake ni mzima, na sikio ndilo lililoziba.

Je, anaona? Angalia kama macho yake yanafuata taa au uso wako. Ukiona weupe katikati ya mboni, usimtie dawa za kienyeji jichoni. Njoo upesi.

Mguu uliopinda toka kuzaliwa unaweza kunyoshwa kwa plasta, moja baada ya nyingine, ikianzwa katika majuma ya kwanza. Wengi hunyoka bila kupasuliwa sana. Ukingoja mpaka mtoto awe na miaka saba, kazi ni ngumu zaidi.

Kifafa hakiambukizwi, wala kwa mate wala kwa povu. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni. Mweke mbali na moto na maji ya ziwa asipokuwa na mtu. Dawa yake hunywewa kila siku, wala haiachwi ghafula. Wengi wanaoinywa vizuri hukaa miezi bila kuanguka, nao husoma shule kama wengine.

3. MTOTO HUYU ANAWEZA KUJIFUNZA

Baba mmoja alituambia hivi: “Kumsomesha asiyesikia ni kumwaga maji katika kikapu.” Tukamwuliza: “Baba, ni nani anayeteka maji nyumbani kwako?” Akasema: “Ni yeye.” “Na ni nani anayejua bei ya ndagala sokoni, hata akaonyesha kwa vidole?” Akasema: “Ni yeye.” Basi mtoto anayehesabu kwa vidole sokoni anaweza kuhesabu kwa chaki shuleni. Kikapu kile hakivuji. Hakuna aliyepata kukijaza.

Fikirini habari za watu wawili.

Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809. Akiwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake aliyeshona ngozi, na baadaye macho yote mawili yakafa. Alipokuwa kijana alitengeneza maandishi ya nukta zilizoinuka, zinazosomwa kwa ncha za vidole, nayo yakachapwa mwaka 1829. Leo vipofu wa dunia nzima husoma na kuandika kwa nukta hizo. Hapa kwetu Afrika Mashariki makanisa yalizileta mapema: Jeshi la Wokovu lilianza shule ya vipofu huko Thika, Kenya, mwaka 1946, na Waanglikana huko Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950.

Andrew Foster alizaliwa Marekani mwaka 1925. Alipokuwa na miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilimwachia uziwi. Alikuwa mtu mweusi katika nchi ambayo siku hizo ilifunga milango mingi mbele ya watu weusi. Hata hivyo alisoma mpaka chuo kikuu, kisha mwaka 1957 akafika Ghana kama mwinjilisti na kufungua shule ya viziwi. Toka hapo alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika, na Kongo ni mojawapo. Lugha ya alama wanayotumia viziwi wengi wa nchi zetu zinazosoma Kifaransa imetokana na kazi yake. Alikufa katika ajali ya ndege huko Rwanda, ng’ambo tu ya Ruzizi, mwaka 1987. Kiziwi huyu aliwafundisha viziwi wengi kuliko watu wengi wenye masikio mazima.

Hatusemi kwamba kila mtoto atafika huko. Mtoto mzito wa kuelewa huenda asipate diploma. Lakini akijua kuoga, kuvaa, kuhesabu fedha, kuandika jina lake, kupanda muhogo na kusema hapana kwa mtu mwovu, amepata elimu itakayomlinda mama yake atakapokuwa hayupo.

4. SHERIA INASEMA NINI?

Wengi hufikiri kumpeleka mtoto huyu shuleni ni kuomba huruma. Sivyo. Ni haki iliyoandikwa. Shika tarehe hizi, maana mtu anayejua tarehe husikilizwa ofisini.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18.2.2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni lazima na ni bure katika shule za serikali. Haikuongeza kwamba ni kwa watoto wanaosikia na kuona tu. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee unaofaa hali yao. Malipo ya wazazi katika shule za msingi za serikali yaliondolewa kuanzia mwezi wa 9 wa mwaka 2019.

Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10.1.2009 inamtaja mtoto mwenye ulemavu, na inamhesabia haki ya matunzo na ya elimu.

Mwaka 2006 mataifa yalikubaliana juu ya haki za watu wenye ulemavu, na Kongo ikaingia katika agano hilo mwaka 2015. Kifungu chake cha 24 kinakataza kumwondoa mtu katika shule za kawaida kwa sababu ya ulemavu wake.

Mwishowe, tarehe 3.5.2022, nchi yetu ilitoa sheria yake yenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu.

Basi karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni mtu wa kuzichukua kutoka kabatini na kuzifikisha kwenye mlango wa darasa.

5. NI KAZI YA NANI?

Hapa ndipo moyo wa somo letu. Mara nyingi mzazi akiuliza, kila mmoja humwonyesha mwingine. Mkuu wa shule anasema ni kazi ya Kinshasa. Ofisi ya mji inasema ni kazi ya wamisionari. Kanisa linasema ni kazi ya serikali. Mtoto anakua, naye hajui herufi moja. Tugawanye kazi hiyo vizuri, ili kila mtu aone fungu lake.

Jimbo. Kifungu cha 204 cha Katiba kinahesabu mambo yaliyo ya jimbo peke yake. Kati ya hayo iko elimu ya watoto wadogo, ya msingi, ya sekondari, ya ufundi, na elimu maalumu, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Ndiyo, elimu maalumu imetajwa kwa jina. Maana yake ni kwamba serikali ya Kivu ya Kusini haiwezi kusema neno hili haliihusu. Majirani zetu wa Uganda walifanya vivyo hivyo: sheria yao ya mwaka 1997 juu ya serikali za mahali iliweka elimu maalumu mikononi mwa wilaya, na mwaka huohuo, elimu ya bure ilipoanza kwa watoto wanne wa kila nyumba, wenye ulemavu walihesabiwa kwanza. Katika jambo hili hatuoni haya kujifunza kwa jirani.

Mji, komini, sekta na sheferi. Sheria ya tarehe 7.10.2008 inazipa hizi nazo sehemu yake katika kujenga na kutengeneza majengo ya shule. Kwa hiyo burgomesta na mwami wanaweza kuulizwa maneno rahisi: Kwa nini mlango wa darasa hili una ngazi nne na hauna njia ya kiti cha magurudumu? Kwa nini choo cha shule hakimfai mtoto anayetambaa? Njia ya udongo na mawe mbele ya mlango haingoji fedha za Kinshasa. Ni kazi ya siku mbili za watu wenye jembe.

Kanisa. Tusikilize kwa uangalifu, maana neno hili linatugusa sisi. Tarehe 26.2.1977 serikali na makanisa zilifanya mapatano: shule ni za serikali, lakini makanisa yanazisimamia. Shule nyingi za msingi za sehemu zetu zinaendeshwa namna hiyo. Basi mkuu wa shule ya kanisa akimrudisha mtoto kiziwi nyumbani, si Kinshasa iliyomrudisha. Ni sisi. Mwalimu yule anakaa nasi katika ibada, na msimamizi wa shule ni ndugu yetu. Hatuwezi kumwombea mtoto Jumapili na kumfungia mlango Jumatatu.

Wazazi na kamati yao. Kamati ya wazazi inaweza kuuliza kila mwanzo wa mwaka: Katika kartie hii watoto wenye ulemavu ni wangapi, nao wako wapi? Mambo yasiyohesabiwa hayapewi fedha.

Kumbukeni tena Mefiboshethi. Alipokuwa mtu mzima alikaa mbali, Lo-debari, katika nyumba ya watu. Katika 2 Samweli 9 mfalme Daudi ndiye aliyeuliza kwanza kama amebaki mtu. Kisha akatuma watu wamlete, naye akala mezani pa mfalme. Mwenye mamlaka hakungoja mlemavu aje kwa miguu yake asiyokuwa nayo. Hivyo ndivyo mamlaka inavyopaswa kufanya: kuuliza, kutafuta, kuleta, na kuweka mahali mezani.

6. NJIA YA KUMFIKISHA SHULENI

Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza: cheti cha kuzaliwa. Mwandikishe mtoto katika ofisi ya eta-sivili kabla siku 90 toka kuzaliwa hazijapita. Wazazi wengine humwandikisha mzima na kumwacha mwenye ulemavu, wakidhani hataishi. Asiyeandikwa hahesabiwi. Kama siku zimepita, au kama karatasi zilichukuliwa na maji wakati mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa 4 wa mwaka 2020, uliza ofisini njia ya kupata nyingine.

Hatua ya pili: karatasi ya mganga. Njoo hospitalini tumpime macho, masikio na viungo. Omba tuandike anachoweza, wala si anachoshindwa tu. Karatasi inayosema “kiziwi” tu humfunga. Karatasi inayosema “hasikii, lakini anaona vizuri, anaelewa kwa ishara, mikono yake ni mizima” humfungulia.

Hatua ya tatu: nenda shule ya karibu kabla mwaka wa masomo haujaanza, usiende mwezi wa 11 madarasa yakiwa yamejaa. Nenda na mtoto amevaa safi, na mtu mmoja wa kanisa awe shahidi. Sema kwa heshima, lakini sema. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

— Mama, mtoto huyu hasikii. Atafanya nini darasani? Mwalimu ana watoto wengi mno.

— Ni kweli, Baba Direkta, najua mwalimu amechoka. Naomba mahali pamoja tu, pale mbele. Dada yake yuko darasa hilohilo, atakaa karibu naye na kumwonyesha.

— Lakini hatuna mwalimu wa viziwi, mama.

— Nimeelewa, baba. Basi kama haiwezekani, naomba uniandikie sababu katika karatasi na kutia sahihi, ili niipeleke ofisi ya elimu.

Angalia hekima ya mama huyu. Hakugomba wala hakulia. Kukataliwa kwa mdomo hufia pale mlangoni. Kukataliwa kwa karatasi huwa na miguu, nako hutembea mpaka ofisini. Mara nyingi mkuu wa shule, akiombwa kuandika, huona kwamba mahali pamoja mbele kanapatikana.

Hatua ya nne: akikataa kabisa, peleka karatasi kwa msimamizi wa shule za kanisa, kisha kwa ofisi ya elimu ya mahali, mpaka kwa mkuu wa elimu, yule ambaye watu humwita Proved. Fanya nakala mbili. Omba muhuri na tarehe ya kupokelewa juu ya nakala yako.

Hatua ya tano: msiende mmoja mmoja. Mzazi mmoja huitwa msumbufu. Wazazi kumi na wawili wenye orodha ya watoto, umri wao, ulemavu wao na kartie zao, huitwa wajumbe. Orodha ya namna hii ndiyo jimbo linalohitaji kabla ya kumweka mwalimu wa elimu maalumu mahali fulani.

7. NENO KWA WALIMU

Ndugu mwalimu, tunajua kazi yako. Toka shule zilipokuwa bure madarasa yamejaa. Hatukuombi ufanye muujiza. Tunakuomba mambo madogo yasiyo na gharama:

Asiyesikia vizuri akae mbele, upande wa sikio lililo zima. Mwangalie usoni unapoongea. Usiseme ukiandika ubaoni. Asiyeona vizuri akae karibu na ubao na dirisha, na kila unachoandika ukisome kwa sauti. Asiye na miguu, darasa lake liwe chini, lisiwe juu ya kilima. Mzito wa kuelewa apewe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa vijiti na mawe ya kuhesabia. Mwenye kifafa, wafundishe wenzake la kufanya akianguka, ili wasikimbie. Tena usiruhusu aitwe kwa ulemavu wake. Ana jina.

Utaona jambo moja: mwalimu akisema polepole na kuonyesha kwa mikono kwa ajili ya mmoja, wengi nao waliokuwa nyuma huanza kuelewa.

8. SHULE IKIWA MBALI, NA SIKU ZA VITA

Wako watoto ambao shule ya kawaida haiwatoshi. Kiziwi anahitaji lugha ya alama na viziwi wenzake. Kipofu anahitaji kufundishwa nukta. Hiyo ndiyo maana ya elimu maalumu, nayo haipatikani kila mahali. Katika Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kimejulikana miaka mingi kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu. Lakini kutoka Uvira ni safari ya zaidi ya kilometa 100, kwa njia ya milima ya Ngomo, na si kila mzazi anayeiweza, wala si kila siku njia ni salama.

Tena tumeona vita. Mwezi wa 2 wa mwaka 2025 Bukavu ilitekwa, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Mwezi wa 12 wa mwaka uleule mapigano yakafika Uvira yenyewe. Siku kama hizo mtu atasema: “Hata wazima hawasomi, mnasema nini juu ya vilema?” Tunajibu hivi. Vita ndivyo vinavyozidisha walemavu. Basi vita si sababu ya kuwasahau. Na haki ya mtoto haikimbii pamoja na ofisi. Ofisi ikirudi, au ikifunguliwa mahali pengine, orodha yetu na iwe tayari.

Wakati tunapongoja, yako ya kufanya nyumbani. Wote wa nyumba wakubaliane ishara za kula, kulala, maumivu, hatari na kukimbia, wazitumie sikuzote. Kipofu afundishwe njia ya kisimani na ya chooni kwa kamba na kwa fimbo. Katika kila nyumba ijulikane mapema ni nani atakayembeba mtoto asiyekimbia, na kwa kitambaa gani atamfunga mgongoni, ili usiku wa hofu kusiwe na kuulizana. Na kanisa liwaweke vijana wawili wenye moyo, wakutane na watoto hao siku mbili kwa juma, kwa herufi na hesabu, katika kivuli cha mwembe kama hakuna chumba.

Lakini kazi hii ya kanisa isiwe kisingizio cha serikali, wala kazi ya serikali isiwe kisingizio cha kanisa. Mtoto ana mikono miwili. Kila mmoja ashike mmoja.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Wanafunzi waliuliza swali gani juu ya kipofu? Je, swali hilo bado linaulizwa katika kartie yako?

2. Taja sababu nne za ulemavu zinazoweza kuzuiwa. Nyumbani kwako mnafanya nini kuzizuia?

3. Kifungu cha 204 cha Katiba kinaiweka elimu maalumu mikononi mwa nani?

4. Kwa nini shule za kanisa haziwezi kusema jambo hili ni la serikali tu?

5. Kwa nini ni vema kuomba jibu lililoandikwa?

KAZI YA JUMA HILI. Kila kikundi cha maombi kipite nyumba za barabara yake na kuandika watoto wenye ulemavu walio na miaka 3 mpaka 15: jina, umri, anachoweza, na kama anasoma. Wasiingie kama wapelelezi, bali kama majirani. Orodha iletwe kwa mzee wa kanisa kabla ya Jumapili ya pili, kisha tutawaalika mkuu wa shule na shefu wa kartie waje kuisikia ikisomwa, jina kwa jina, wazazi na watoto wenyewe wakiwapo.